Wanyama Waliozaliwa Katika Tope Kavu: Jinsi Spishi Mpya za Krasteshia wa Maji Baridi Zilivyogunduliwa

Ni jambo la kawaida katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuliona dimbwi lililokauka kabisa wakati wa kiangazi. Pale palipokuwa na maji hubaki ardhi iliyopasukapasuka, ambayo ng'ombe na watoto huikanyaga bila kujali. Mvua za kwanza zinaponyesha, dimbwi hilo hujaa tena. Baada ya siku chache tu, mtu akiyachota maji hayo kwa gilasi na kuyatazama kwenye mwanga, ataona wanyama wadogo mno, wengine wakirukaruka, wengine wakiogelea chali. Si ajabu mtu huyo akidhani kwamba wameshuka pamoja na mvua. Kwa hakika hawakutoka mawinguni. Walikuwamo ardhini muda wote wa kiangazi, wakiwa katika hali ya mayai.

Mwaka 1885 mwanasayansi mmoja wa Norway alichapisha taarifa iliyoonyesha jinsi ukweli huo unavyoweza kutumiwa katika utafiti. Aliwaeleza wanyama wa bara la Australia ambao hawakuwa wamejulikana kwa sayansi, ilhali yeye mwenyewe alibaki mjini kwake, maelfu ya kilomita kutoka katika maji yao ya asili. Alichohitaji ni tope kavu, maji na subira. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, mambo ambayo imewafundisha wataalamu waliofuata, na kwa nini madimbwi yetu ya msimu yanastahili kuchunguzwa mapema.

Wanyama wanaozungumziwa

Watu wengi huwaita viumbe hawa wadudu, lakini jina hilo si sahihi. Wao ni krasteshia, yaani wamo katika kundi moja na kamba na kaa. Kama jamaa zao wa baharini, wana gamba gumu nje ya mwili, miguu yenye viungo, na jozi mbili za vipapasio kichwani. Tofauti iliyo dhahiri ni ukubwa: wengi wa krasteshia wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, hawazidi milimita chache.

Yapo makundi manne ambayo mwanafunzi anaweza kuyatambua bila shida. La kwanza ni dafnia na jamaa zake, ambao huogelea kwa kupiga maji kwa vipapasio, hivyo huonekana kama viroboto wanaoruka. La pili ni kopepoda, ambao mwili wao ni mwembamba na ambao miongoni mwao yumo saiklopsi mwenye jicho moja katikati ya kichwa. La tatu ni ostrakoda, waliofungwa ndani ya magamba mawili mfano wa chaza. La nne ni kamba wa madimbwi, walio wakubwa kidogo kuliko wengine, na ambao huogelea chali huku miguu yao ikipepea juu.

Udogo wao usimfanye mtu awadharau. Dafnia na kopepoda hula mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao huliwa na samaki. Dagaa wa Ziwa Victoria hutegemea sana chakula hicho. Hivyo sahani ya dagaa mezani ni mwisho wa mnyororo ambao kiungo chake kimoja ni krasteshia wa milimita moja au mbili. Kwa upande mwingine, saiklopsi ndiye anayebeba mabuu ya mnyoo wa Guinea, ambao humwingia binadamu anapokunywa maji yasiyochujwa. Uganda ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeutokomeza ugonjwa huo mwaka 2009, na Kenya mwaka 2018. Miongoni mwa silaha zilizotumiwa kuushinda ni kitambaa cha kuchujia maji, kwa sababu ilikwisha kujulikana ni mnyama gani hasa wa kuzuiwa.

Tope lililosafiri

Mwanasayansi aliyetajwa ni Georg Ossian Sars, aliyezaliwa Norway mwaka 1837. Baba yake, Michael Sars, alikuwa mtaalamu wa zuolojia, na mtoto akaifuata njia hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1864 Sars alifanya utafiti juu ya uvuvi wa samaki aina ya chewa wa kaskazini katika visiwa vya Lofoten, akagundua kwamba mayai ya samaki hao hayatulii chini bali huelea karibu na uso wa bahari. Mwaka 1874 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha mji wa Christiania, ambao leo huitwa Oslo. Hata hivyo, mapenzi yake makubwa yalikuwa kwa krasteshia wadogo, ambao aliwachora kwa mkono wake mwenyewe kwa uangalifu wa hali ya juu.

Mwaka 1880 Mnorway mwingine, Carl Lumholtz, alikwenda Australia kukusanya wanyama kwa ajili ya Chuo Kikuu hicho. Alikaa katika eneo la Queensland hadi mwaka 1884. Miongoni mwa wanyama aliowapata yumo kangaruu mmoja apandaye miti, ambaye mwaka 1884 alipewa jina la *Dendrolagus lumholtzi* kwa heshima yake. Ugunduzi wa mnyama mkubwa kama huyo humvutia kila mtu. Lakini Lumholtz alikuwa ameleta pia kitu ambacho wengi wangekitupa: tope lililokauka kutoka katika bwawa la Gracemere, karibu na mji wa Rockhampton, ulio kwenye tropiki ya Kaprikoni.

Sars alilitia tope hilo katika vyombo vyenye maji, akasubiri. Baada ya muda maji yakaanza kujaa uhai. Wanyama wa tropiki walianguliwa, wakakua na kuzaana ndani ya chumba kimoja cha Christiania, mji ulio karibu na latitudo ya 60 kaskazini ambako nje madimbwi huganda kwa barafu wakati wa baridi kali. Mwaka 1885 akachapisha maelezo ya dafnia wa Australia waliopatikana kwa njia hiyo. Mmoja wao, mwenye mwiba mrefu mkiani na kichwa kilichochongoka, akamwita *Daphnia lumholtzi*. Hivyo msafiri yule yule aliacha jina lake kwa kangaruu wa mitini na kwa mnyama wa milimita chache.

Sars hakuwa mtu wa kwanza kuangua krasteshia kutoka katika tope kavu, lakini ndiye aliyeifanya njia hiyo kuwa chombo cha kudumu cha utafiti. Katika miaka iliyofuata aliangua na kueleza wanyama kutoka katika matope ya Afrika Kusini na Amerika ya Kusini, pamoja na matope mengine ya Australia. Faida ya njia hii ni kubwa. Mnyama aliyehifadhiwa ndani ya kileo hujikunja na kupoteza rangi. Aliyeanguliwa katika chombo huonekana akiwa hai, akila, akiogelea na kulea watoto wake. Aidha, kilo moja ya tope ni rahisi kusafirisha kuliko chupa mia za vioo.

Siri ya yai

Yafaa kuuliza: inawezekanaje yai kustahimili ukavu na joto la jua kwa miezi au miaka?

Maisha ya dafnia yanatoa mfano mzuri. Wakati maji na chakula ni vya kutosha, dafnia jike huzaa majike wenzake bila kuhitaji dume. Watoto hukua ndani ya mfuko ulio mgongoni mwa mama, kisha hutoka wakiwa kamili. Lakini hali inapoanza kuwa mbaya, kwa mfano wanyama wanapobanana au chakula kinapopungua, madume huzaliwa. Baada ya kupandana, jike hutengeneza mayai mawili ya namna nyingine, ambayo hufunikwa na sehemu ya gamba la mgongoni iliyoimarishwa. Kifuko hicho hupewa na wataalamu jina lenye maana ya tandiko la farasi, kwa sababu ndivyo kinavyokaa mgongoni. Mama hujivua gamba, na kifuko kikaanguka ndani ya tope au kikaelea juu ya maji.

Ndani ya yai la namna hii kiinitete huanza kukua, kisha husimama. Maji mengi humtoka, na shughuli za mwili wake hupungua kiasi cha kutoonekana. Kwa baadhi ya spishi, hasa artemia anayeishi katika maziwa ya chumvi, imegunduliwa kwamba sukari iitwayo trehalosi huchukua nafasi ya maji na kuzilinda chembe hai zisivunjike. Maji yanaporudi, pamoja na mwanga na joto linalofaa, kiinitete huendelea pale kilipoachia.

Ajabu nyingine ni kwamba mayai hayaanguliwi yote kwa pamoja. Mkulima mwenye busara hamalizi mbegu zake zote katika mvua za kwanza, kwa sababu anajua mvua hizo zaweza kukatika. Vivyo hivyo, dimbwi linapojaa, sehemu tu ya mayai huanguliwa, na mengine hubaki yakisubiri mvua nyingine. Dimbwi likikauka kabla wanyama hawajazaa, akiba bado ipo ardhini.

Akiba hiyo yaweza kudumu kuliko mtu yeyote angalivyotazamia. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walieleza mayai ya kopepoda yaliyotoka katika tope la chini ya ziwa, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 300, ambayo bado yaliweza kuanguliwa. Mwaka 2014 watafiti wengine walieleza dafnia walioanguliwa kutoka katika mayai ya ziwa moja la Minnesota, yaliyokadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 700.

Jina moja, spishi nyingi

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba krasteshia hawa hawana mipaka. Kwa kuwa mayai yao hupeperushwa na upepo na kunasa miguuni mwa ndege wa majini, ilionekana ni jambo la maana kudhani kwamba spishi ile ile yaweza kupatikana Ulaya, Asia na Afrika. Kwa hiyo mtu aliyekuta mnyama mdogo wa mviringo katika bwawa la Afrika alimpa jina la Kizungu lililokwisha kuwamo vitabuni, na kazi ikaishia hapo.

Imani hiyo ilitikiswa na Mmarekani David Frey. Katika miaka ya 1980 Frey alichunguza kwa makini jamaa za dafnia ambao walikuwa wakiitwa kwa jina moja dunia nzima, akionyesha kwamba chini ya jina hilo walifichika wanyama wa spishi mbalimbali. Tofauti zao zilikuwa katika mambo madogo: mpangilio wa vinyweleo vya miguu, vitundu vya kichwani, umbo la gamba. Waliotazama haraka hawakuziona.

Mfano unaoeleweka vizuri ni ule wa *Cyclestheria hislopi*, krasteshia mwenye magamba mawili ya mviringo. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1859 kutokana na vielelezo vya Nagpur, India, akapewa jina la mmisionari Stephen Hislop. Sars alimwangua mnyama wa namna hiyo kutoka katika tope la Australia, na mwaka 1887 akaonyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, kwa kuwa hulea watoto ndani ya gamba lake tofauti na jamaa zake. Tangu hapo aliaminika kuwa spishi moja iliyoenea katika nchi za tropiki za mabara mbalimbali. Mwaka 2013 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kumbe ni kundi la spishi kadhaa, zinazofanana kwa umbo lakini zilizotengana tangu enzi ya kretasia, wakati dinosaria walipokuwa wangali hai.

Jambo la kinyume laweza kutokea pia, yaani mnyama mmoja kudhaniwa kuwa wawili. *Daphnia lumholtzi* huishi hata katika maziwa ya Afrika Mashariki. Wengine wana kichwa kirefu kilichochongoka na miiba mirefu, wengine wana kichwa cha mviringo na miiba mifupi, nao waliwahi kupewa majina tofauti. Mwaka 1967 mtafiti J. Green alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika Ziwa Albert, akihusisha tofauti hizo na kiasi ambacho dafnia huwindwa na samaki. Mwiba mrefu humfanya dafnia awe mgumu kumezwa na samaki wadogo. Kwa hiyo mwenye kutaka kutangaza spishi mpya hana budi kujiuliza kwanza: je, tofauti hii imo katika nasaba ya mnyama, au ni silaha tu aliyoiota kwa sababu ya adui?

Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu spishi zipatazo 620 za kundi la dafnia, karibu 2,000 za ostrakoda na zaidi ya 2,800 za kopepoda wa maji baridi. Walioandika juu ya kundi la dafnia walikadiria kwamba idadi ya kweli yaweza kuwa mara mbili hadi mara nne ya ile iliyojulikana. Ni dhahiri, basi, kwamba kazi aliyoianza Sars haijakaribia kwisha.

Jaribio kwa shule

Jaribio hili halihitaji vyombo vya gharama, nalo laweza kufanyika katika shule yoyote.

Wakati wa kiangazi, wanafunzi wachukue udongo wa juu, usiozidi sentimita tatu, kutoka chini ya dimbwi lililokauka lenyewe. Udongo utiwe katika mfuko wa karatasi, na juu yake yaandikwe mahali, tarehe na hali ya dimbwi. Udongo usio na maandishi haya hauna thamani kwa sayansi, hata kama ndani yake yumo mnyama wa ajabu.

Darasani ziandaliwe chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana. Katika ya kwanza vitiwe vijiko viwili vya udongo na maji ya mvua. Katika ya pili vitiwe udongo huo huo uliochemshwa kwa muda wa kutosha, na maji ya mvua. Katika ya tatu yatiwe maji ya mvua peke yake. Zote zifunikwe kwa kitambaa chepesi ili mbu wasitage humo, na ziwekwe karibu na dirisha pasipo jua kali. Maji yatazamwe kila siku kwa kioo cha kukuzia, na yote yaonekanayo yaandikwe na kuchorwa.

Kamba wa madimbwi huweza kuanguliwa katika siku moja au mbili. Dafnia na ostrakoda aghalabu huchelewa zaidi. Wanyama wakionekana katika chupa ya kwanza peke yake, wanafunzi watakuwa na haki ya kusema kwamba wametoka katika udongo, wala si katika maji au hewa. Wakionekana katika chupa ya tatu pia, hitimisho hilo litaanguka, na jaribio litapaswa kurudiwa kwa uangalifu.

Jaribio likiisha, maji na tope vichemshwe na kumwagwa nchi kavu, visitupwe kamwe katika mto, bwawa au ziwa. Sababu ya tahadhari hii inaonekana katika historia ya *Daphnia lumholtzi* mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mnyama huyu alikutwa katika mabwawa ya kusini mwa Marekani, likiwamo moja la Texas, ambako hakuwa mwenyeji. Watafiti waliofikiria njia yake walitaja usafirishaji wa samaki, pamoja na sangara wa Ziwa Victoria waliopelekwa Texas. Kwa muda mfupi alienea katika majimbo mengi, akisitawi hasa katika miezi ya joto ambapo dafnia wenyeji hupungua. Yai lile lile linalomwezesha mtafiti kupokea wanyama kutoka mbali ndilo linalomwezesha mgeni kuingia bila kuonekana.

Kabla dimbwi halijafukiwa

Dimbwi la msimu halina heshima machoni pa watu wengi. Ni mahali pa mbu, ni kikwazo kwa mjenzi, ni sehemu ya kutupia taka. Linapofukiwa kwa kifusi, au linapochimbwa na kugeuzwa kuwa lambo la kudumu lenye samaki, hakuna anayehesabu kilichopotea. Kamba wa madimbwi hawana kinga dhidi ya samaki. Kinga yao pekee ilikuwa kwamba samaki hawawezi kuishi mahali panapokauka. Na tope likishafunikwa kwa kina lisipate tena mwanga wala mvua, akiba ya miaka mingi hubaki imefungwa humo.

Hii haina maana kwamba watu wasijenge, au kwamba mifugo isichimbiwe malambo. Ina maana kwamba kabla ya kufukia, mfuko mmoja wa udongo mkavu, wenye mahali na tarehe, wapaswa kuchukuliwa. Waweza kukaa kabatini kwa miaka, mpaka apatikane mwalimu mwenye hadubini au mtaalamu mwenye nafasi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala safari ya mbali.

Sars alifariki mwaka 1927, akiwa na karibu miaka 90, na vielelezo vyake vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Oslo. Spishi alizozieleza zilimfikia kwa sababu watu waliokuwa mbali naye walikubali kuinama na kuokota tope ambalo hawakuona ndani yake kitu chochote. Madimbwi ya Dodoma, Turkana na Karamoja hukauka na kujaa kila mwaka, na udongo wake hauko mbali na milango ya shule.